Picha imegoma, sauti imekata: ninavyounganisha risiva ya sinema ya nyumbani na ninavyotafuta kosa

Ninaposema risiva hapa simaanishi king'amuzi cha setilaiti, ingawa wengi wetu tumezoea kukiita hivyo. Namaanisha lile boksi zito lenye amplifaya ndani yake na matundu mengi mgongoni, linalopokea picha na sauti kutoka kwa kila kifaa, likabaki na sauti kwa ajili ya spika na kuipeleka picha kwenye TV. Nimeyaunganisha mengi, kwangu na kwa ndugu na marafiki, tangu enzi za nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe. Siku hizi waya ni mmoja, HDMI, na kuchomeka kumekuwa rahisi kweli. Kujua kwa nini skrini ni nyeusi ndiko kulikokuwa kugumu zaidi.

Wengi wakikwama hubadilisha kila kitu kwa mkupuo: kebo hii wanaitoa, ile wanaihamisha, wanabonyeza menyu zote, mpaka hata picha ikirudi hawajui ni kipi kilichoirudisha. Mimi naishika njia moja: naikata safari ya picha vipande, napima kipande kimoja kimoja. Nitaieleza. Kwanza tuunganishe.

Kuchomeka

Zima kila kitu na uchomoe risiva kwenye soketi. Anza na nyaya za spika, kwa sababu baadaye, HDMI zikishajaa mgongoni, mkono haupiti. Menya kama sentimita moja ya plastiki, sokota nyuzi za shaba ziwe kitu kimoja, ingiza, kaza. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, upande wa risiva na upande wa spika. Uzi mmoja tu wa shaba ukichomoza na kugusa tundu la jirani, risiva inaweza kujizima sekunde chache baada ya kuwashwa na kuandika PROTECT kwenye kioo chake. Ukiliona neno hilo usiiwashe tena na tena. Ichomoe, chukua tochi, utafute huo uzi. Sabufa yenye amplifaya yake inatumia kebo moja tu inayotoka kwenye tundu lililoandikwa SUBWOOFER.

Sasa HDMI. Mgongoni mwa risiva kuna matundu kadhaa ya kuingizia, na moja au mawili ya kutolea. Yanafanana kabisa, na kebo ya TV inaingia kwenye tundu la IN bila kugoma, kwa hiyo soma maandishi kwa tochi, usipapase. TV inakaa kwenye OUT. Kama OUT ziko mbili, tumia ile yenye herufi ARC au eARC (njia ya kurudishia sauti ya TV kwenye risiva, nitaieleza mbele), na kwenye TV pia tafuta tundu lenye herufi hizo hizo, maana kwenye TV nyingi ni moja tu kati ya yote.

Matundu ya kuingizia yana majina: CBL/SAT, GAME, Blu-ray na kadhalika. Ni majina tu ya vitufe vya rimoti, hayalazimishi kitu. King'amuzi kikikaa kwenye GAME kitafanya kazi vizuri, mradi unabonyeza GAME unapotaka kukitazama. Kwenye menyu ya risiva kuna sehemu ya kupanga ni tundu gani linakwenda na jina gani, na hapo ndipo panapozaliwa skrini nyeusi nyingi: mtu wa nyumbani aliwahi kuhamisha jina, akasahau. Kitu kimoja cha kuangalia ni hiki: risiva yenye alama ya 4K au 8K (viwango vya picha yenye nukta nyingi) mgongoni si lazima iwe na uwezo huo kwenye matundu yote. Mashine ya gemu mpya ipe tundu lenye uwezo mkubwa zaidi. King'amuzi hakihitaji uwezo huo.

Bandika kipande cha karatasi kwenye ncha zote mbili za kila kebo na uandike jina la kifaa. Na usiweke chochote juu ya risiva. Amplifaya inatoa joto, na joto hilo linatokea juu.

HDMI inaanza kwa salamu

Ndani ya HDMI kuna pini 19. Nyingi zinabeba picha na sauti, lakini chache ni za mazungumzo, na ukielewa mazungumzo hayo nusu ya matatizo hayatakutisha tena. Kifaa kikiwaka, kinahisi umeme mdogo unaokiambia kwamba upande wa pili kuna mtu. Kinamwuliza: wewe ni nani, na unaweza kuonyesha nini? TV inajibu kwa orodha yake: picha za ukubwa huu, rangi hizi, sauti za aina hii. Orodha hiyo inaitwa EDID. Kisha vinapeana ufunguo wa kulinda filamu zisinakiliwe, uitwao HDCP. Salamu zikikamilika, picha inaanza kutiririka.

Risiva imekaa katikati ya salamu hizo. Kwa king'amuzi inajifanya TV. Kwa TV inajifanya king'amuzi. Kwa hiyo kila picha inahitaji salamu mbili, na moja ikikatika, skrini inakuwa nyeusi ingawa hakuna kilichoharibika.

Ndiyo maana dawa yangu ya kwanza ni kuchomoa TV, risiva na vifaa vyote ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi: kifaa kilichozimwa kwa rimoti bado kina umeme na kinaweza kubaki na kumbukumbu ya salamu ya zamani. Subiri dakika mbili tatu. Chomeka tena, washa TV kwanza, kisha risiva, kisha kifaa cha picha. Kila kimoja kikiamka kinamkuta wa kumsalimia.

Kukata njia vipande

Jioni moja shemeji yangu alinipigia simu. Alikuwa na projekta ukutani, risiva kabatini, na kisanduku cha kutazamia filamu za mtandaoni.

"Shemeji, picha inakuja, inapotea kama sekunde mbili, inarudi. Nimenunua kebo mpya, bado vile vile."

"Kebo mpya umeiweka wapi?"

"Kati ya kisanduku na risiva."

"Sawa. Chukua rimoti ya risiva, siyo ya projekta. Bonyeza Setup. Unaona nini?"

"Menyu. Imetulia, haichezi."

Menyu ile inachorwa na risiva yenyewe. Ikionekana, risiva na projekta zinasikilizana. Nikamwomba abebe kisanduku mpaka kwenye projekta na kebo yake mpya, achomeke moja kwa moja, risiva ipumzike. Baada ya muda akasema picha imekaa, ametazama dakika tano nzima. Basi kisanduku ni kizima, na ile kebo mpya ni nzima. Akakirudisha kwenye risiva, akajaribu tundu jingine. Picha ikapotea kama mwanzo.

Wengi hapo wangeihukumu risiva. Nilimwambia aingie kwenye mipangilio ya kisanduku, ashushe picha kutoka 4K hadi 1080p.

Kimya kidogo. Kisha: "Shemeji, imetulia!"

Hapo nikajua. Kutoka risiva hadi projekta kulikuwa na kebo ya mita kumi, imepita juu ya dari, iliyofungwa miaka mingi kabla ya projekta ile kununuliwa. Picha ya 1080p yenye fremu 60 kwa sekunde inahitaji karibu gigabiti 4.5 kwa sekunde. Ya 4K yenye fremu 60 inaweza kufika gigabiti 18. Kebo ile iliweza mzigo mwepesi, kwa hiyo menyu ilipita na 1080p ikapita. Mzigo wa 4K uliishinda. Alikuwa amebadilisha kebo ya kipande kisicho na kosa.

Kutokana na mambo kama hayo nina vipimo vichache ninavyovifuata kila mara. Cha kwanza ni menyu ya risiva: ikionekana, kipande cha risiva hadi TV kina uhai, na tatizo litafute upande wa kifaa, au kwenye jina la tundu ulilochagua. Isipoonekana, usihangaike na king'amuzi kabisa. Angalia kebo ya OUT na tundu ulilochagua kwenye TV. Lakini kumbuka ya shemeji: menyu ni mzigo mwepesi, kupita kwake hakuhakikishi kwamba 4K itapita. Cha pili ni kupeleka kifaa moja kwa moja kwenye TV kwa kebo yake ile ile. Cha tatu ni kushusha ubora wa picha kwenye kifaa. Picha ikitulia baada ya kushusha, mshukiwa wa kwanza ni kebo. Na kwa upande wa sauti kuna toni ya majaribio ndani ya menyu ya spika. Ikisikika kutoka kila spika, amplifaya na nyaya ni nzima, na ukimya wa filamu umetoka kwingine.

Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo ubadilishe kingine.

Kuhusu kununua kebo: kwa 4K ya kawaida tafuta iliyoandikwa Premium High Speed, yenye kuthibitishwa kwa gigabiti 18. Kwa gemu za 4K zenye fremu 120 au kwa 8K, tafuta Ultra High Speed, ambayo ni gigabiti 48. Kebo ya shaba ya kawaida ikizidi mita tano hivi huanza kupata shida na mizigo hiyo mikubwa. Kwa umbali wa shemeji nilimshauri kebo ya HDMI inayotumia mwanga ndani yake. Kebo za aina hiyo zina mwelekeo: ncha moja imeandikwa SOURCE na hiyo inakaa kwenye risiva, nyingine DISPLAY na inakaa kwenye projekta. Ukizigeuza hupati chochote. Kwa hiyo soma ncha kabla hujaipitisha darini.

Picha ipo, lakini siyo 4K

Hili linawaumiza watu waliotumia fedha nyingi. TV ni ya 4K, kifaa ni cha 4K, kebo ni nzuri, na bado picha inakuja ya 1080p au rangi zimepauka. Mara nyingi kosa ni la mpangilio. TV nyingi zina mpangilio wa kila tundu la HDMI, ambao huenda ukawa kwenye hali ya kawaida mpaka uufungue. Unaitwa Enhanced, Deep Color, UHD Color au jina jingine la karibu. Risiva nayo ina mpangilio wa namna hiyo hiyo. Vyote viwili lazima vifunguliwe, kwa sababu salamu ni mbili.

Kama risiva ni ya zamani, huenda haina HDCP 2.2, ufunguo unaodaiwa na filamu nyingi za 4K. Hapo hakuna menyu itakayosaidia. Lakini usiitupe risiva yako. Chomeka kifaa moja kwa moja kwenye TV, kisha uirudishe sauti kwenye risiva kwa ARC. Baadhi ya pleya za diski zina HDMI mbili za kutolea: moja peleka picha kwenye TV, nyingine peleka sauti kwenye risiva.

Na mtu akilazimisha kifaa kutoa picha ambayo TV haiwezi kuionyesha, skrini itakuwa nyeusi na hutaweza kuona menyu ili urekebishe. Kwenye PlayStation 4 na 5, zima mashine kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi, uunganishe kidhibiti kwa waya wa USB, na utapata menyu ya usalama yenye nafasi ya kubadilisha ubora wa picha. Kwa vifaa vingine, kukipeleka kwenye TV yenye uwezo mkubwa zaidi ukarekebishie huko mara nyingi kunatosha.

Sauti ya TV yenyewe haifiki kwenye risiva

Unatazama programu zilizomo ndani ya TV, na spika zako kubwa zimenyamaza. Hapa sauti inapaswa kurudi nyuma kwenye kebo ile ile iliyoleta picha, na njia hiyo ya kurudi ndiyo ARC, iliyoingia kwenye HDMI mwaka 2009. Mambo manne yote yawe sawa: kebo iwe kwenye tundu la ARC pande zote mbili, ARC iwe imewashwa kwenye menyu ya risiva, TV iwe imeambiwa itoe sauti kwa spika za nje, na CEC iwe imewashwa, kwa sababu ARC ya kawaida mara nyingi huitegemea. CEC ni ule mfumo wa vifaa kuamrishana, na kila kampuni imeupa jina lake: Samsung wanauita Anynet+, LG ni Simplink, Sony ni Bravia Sync. Kisha kwenye risiva chagua TV kama chanzo. Hatua hiyo ya mwisho nimeikuta imesahaulika mara nyingi kuliko nyingine zote.

Toleo jipya, eARC, lililokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, linabeba sauti za ubora kamili kama Dolby TrueHD (Dolby na DTS ni mifumo ya kufungasha sauti ya spika nyingi). ARC ya kawaida haiwezi hizo, ingawa inaweza Dolby Digital Plus, hata ikiwa na Atmos, ile sauti inayosikika hata kutoka juu, ndani yake. Kebo ya mwanga ya sauti, ile yenye taa nyekundu kwenye ncha, inaishia Dolby Digital na DTS za kawaida, au stereo.

Kama sauti inafika lakini spika za nyuma ziko kimya, soma kioo cha risiva. Kikiandika PCM na stereo, kifaa au TV imeifinya sauti kabla ya kuituma. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya kifaa, uchague Bitstream, yaani sauti itumwe kama ilivyo, na kwenye TV uchague Auto au Pass Through. Kioo kikiandika Dolby au DTS na bado spika mbili tu ndizo zinazolia, basi mara nyingi risiva yenyewe iko kwenye hali ya Stereo. Kitufe kimoja kinamaliza.

Midomo na maneno

TV inachukua muda kuipamba picha, na sauti inatangulia. Risiva ina mpangilio wa kuichelewesha sauti, unaoitwa Lip Sync au Audio Delay, kwa milisekunde. Tafuta mtu anayezungumza akitazama kamera, ukodolee midomo anapotamka b, p na m, kwa sababu hapo midomo inafumba kabisa. Anza sifuri, panda kwa hatua za 20 mpaka mfumbo na sauti vikutane. Kama sauti ndiyo inayochelewa, risiva haiwezi kuikimbiza. Rudisha ucheleweshaji hadi sifuri, na kama kifaa kinapitia TV kwanza, kihamishie moja kwa moja kwenye risiva.

Vifaa vya zamani

Deki ya kanda au pleya ya DVD ya zamani inatoa picha kwa waya wa njano. Risiva nyingi haziigeuzi picha hiyo kuwa HDMI. Utasikia sauti bila kuona kitu, na hutakuwa umekosea. Kama risiva yako ni hivyo, peleka njano kwenye TV na ile nyekundu na nyeupe kwenye risiva.

Pleya zenye nyaya tano zina mtego wa nyekundu mbili. Kijani, bluu na nyekundu ya kwanza ni picha. Nyekundu ya pili na nyeupe ni sauti. Ukizibadilisha nyekundu, rangi zinaharibika na spika moja inavuma vibaya. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe, ujue kijani pekee ndiyo inayofika. Nyuso zikiwa za rangi ya ajabu, bluu na nyekundu ya picha zimepishana.

Ngurumo isiyokoma

Mlio mzito wa mmm kwenye spika, hata risiva ikiwa kwenye chanzo kisichocheza chochote, mara nyingi unatokana na vifaa viwili vinavyofika ardhini kwa njia mbili tofauti. Risiva ikiwa imewashwa, chomoa waya wa antena au wa dishi kwenye TV na kwenye king'amuzi. Ngurumo ikikatika papo hapo, umeipata: weka kwenye waya huo kile kifaa kidogo cha kutenganisha ardhi kinachotengenezwa kwa kazi hiyo. Isipokatika, chomoa HDMI za kuingizia moja baada ya nyingine, kisha kebo ya sabufa, mpaka ukimya uje. Usivunje wala kuziba pini ya ardhi ya plagi, hata kama umeambiwa inasaidia. Kifaa kikipata hitilafu ndani, pini hiyo ndiyo inayouzuia umeme usipite mwilini mwako.